Hataza za programu za kompyuta zifutwe kabisa. Anayepinga aje na hoja

#1 MzeeWaSeva
Wakuu salaam. Niende moja kwa moja kwenye mada.

Septemba 1999 ofisi ya hataza ya Marekani iliwapa Amazon hataza (patent) namba 5,960,411, yaani haki ya kuwazuia wengine wasitumie ubunifu wao kwa muda fulani. Ubunifu wenyewe ni huu: mteja akishaweka kadi na anuani yake mara ya kwanza, siku nyingine anabofya kitufe kimoja tu na mzigo unaanza safari. Seva inakukumbuka, inavuta taarifa zako, inaruka ukurasa wa kuthibitisha. Basi.

Mwezi haujaisha wakawashtaki Barnes & Noble, wauza vitabu wenzao. Desemba hiyohiyo, watu wakiwa kwenye manunuzi ya Krismasi, jaji wa Seattle akatoa zuio. Barnes & Noble ikabidi waongeze bofyo la pili. Yaani kosa lako ni kumrahisishia mteja! Mahakama ya rufaa iliondoa zuio 2001, wakamalizana wenyewe 2002. Apple wao walikuwa wameshalipia leseni tangu 2000. Hataza imekuja kuisha 2017.

Aliyewahi kutengeneza duka la mtandaoni anajua hiyo ni kazi ya jioni moja. Programu tayari ina hakimiliki, inatosha. Hataza waachiwe wenye injini na dawa. Nawasilisha.

#2 KunguruWaPosta
Naweka kambi hapa. Wanasheria wa jukwaa mnaitwa.

#3 WakiliWaKijiweni
Nimefika. MzeeWaSeva, kisa umekisimulia vizuri, ila hitimisho umelirukia.

Hakimiliki inalinda ulivyoandika. Mkataba wa TRIPS, ule wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu mali ya ubunifu, ibara ya 10, unataka programu ilindwe kama kazi ya fasihi. Mtu akinakili msimbo wako, yaani maandishi ya programu, umemkamata. Lakini akikaa akaelewa programu yako inafanyaje kazi, kisha akaandika yake upya kwa lugha nyingine, hakimiliki haimgusi. Hataza inalinda njia yenyewe, hata kama mwenzako ameifikia peke yake bila kukuona. Kwa hiyo ukisema hakimiliki inatosha, maana yake njia ya kifundi iliyomo ndani ya programu iwe ya kila mtu. Huenda uko sahihi. Ila ujue ndicho unachokidai.

Ibara ya 27 ya mkataba huohuo inasema hataza zitolewe katika nyanja zote za teknolojia. Je, programu ni teknolojia? Ugomvi wote uko hapo.

Na haukuanza na Amazon. Hataza ya kwanza ya programu Marekani inatajwa kuwa ya Martin Goetz, 1968, njia ya kupanga data kwa mfuatano. Huyu hakuwa kigogo. Kampuni yake ilikuwa inauza programu wakati IBM wanagawa za kwao bila malipo ya pembeni, ukinunua mashine unapewa na programu. Utashindanaje na bure? Alitafuta silaha, akaiona kwenye sheria ya hataza.

#4 FundiMsimbo
Na Mahakama ya Juu ya Marekani ikajibu 1972, kesi ya Gottschalk dhidi ya Benson. Jamaa walitaka hataza ya njia ya kugeuza namba za desimali kuwa za jozi ndani ya kompyuta. Hatua zenyewe unaweza kuzifanya kwa kalamu na karatasi. Majaji wakasema kanuni hiyo haina matumizi mengine ya maana nje ya kompyuta, kwa hiyo ukimpa mtu hataza umempa kanuni yenyewe. Na kanuni ya hesabu haina mwenyewe.

Mimi sioni pa kuhama kutoka hapo. Programu yote, ukiivua nguo, ni hesabu. Donald Knuth, ambaye nusu yetu humu tumesoma algoriti (hatua za kukokotoa jambo) kwake, aliiandikia ofisi ya hataza mwaka 1994 kwamba haoni mantiki ya kugawa algoriti kuwa za hesabu na zisizo za hesabu. Sasa nani humu anajua algoriti kuliko Knuth?

#5 BintiWaKemia
Kaka FundiMsimbo, umefika 1972 ukashuka kwenye basi. Endelea mpaka 1981, Diamond dhidi ya Diehr.

Mpira mbichi unawekwa kwenye kalibu, unapikwa kwa joto na mgandamizo. Ukiutoa mapema haujaiva, ukichelewa umeharibika. Kanuni ya kukokotoa muda wa kuiva, ya Arrhenius, ilikuwa inajulikana zamani. Tatizo lilikuwa joto la ndani ya kalibu: kila unapofungua kupakia linashuka, na hakuna aliyejua limeshuka kiasi gani. Mafundi wakawa wanakadiria. Diehr na mwenzake wakapima joto ndani ya kalibu mfululizo, kompyuta inarudia hesabu muda wote, na muda ukitimia inafungua mashine yenyewe. Majaji 5 kwa 4 wakasema hii inafaa kupewa hataza, kwa sababu kinachoombewa ni njia ya kutengeneza mpira.

Mimi niko kiwandani, sio cha mpira, ila na sisi tunapika vitu. Operata wetu wa zamani alikuwa anaweka kiganja karibu na mlango wa tanuru anasema "bado kidogo". Alikuwa anapatia, sikatai. Lakini zamu yake ikiisha mzigo wa usiku ulikuwa unaharibika. Aliyekuja kutuwekea mfumo wa kusoma joto ametuokolea fedha nyingi, na akili yote iko kwenye programu. Vipima joto vyenyewe vinauzwa madukani. Huyo mnamwambia amefanya hesabu tu?

#6 MlaMihogo
Majaji watano ndiyo, wanne hapana. Na sisi tunataka tumalize kabla ya taarifa ya habari.

#7 ShonaNikuone
Mimi fundi cherehani, nimesoma mpaka hapa. Mteja ananiletea picha ya mshono kwenye simu, naangalia, nakata, nashona. Aliyeubuni sijui yuko Lagos au Kariakoo, hajawahi kuja kunidai. Na kila Idi mishono mipya inatoka, hakuna aliyeacha kubuni kwa sababu ya kuigwa. Nyie wa kompyuta mnaogopa nini?

#8 WakiliWaKijiweni
Mshono ni umbo, dada. Ukibuni cherehani inayofanya kitu ambacho cherehani haijawahi kufanya, hapo ndipo unazungumzia hataza.

#9 ShonaNikuone
Sawa. Na ikiwa cherehani ni ileile, ila nimeipangia mwendo mpya wa sindano kwa kompyuta?

#10 FundiMsimbo
@WakiliWaKijiweni jibu hilo tukusikie.

#11 Kibanda_Umiza
Mnazunguka bure. Ulaya walishamaliza. Bunge la Ulaya 2005 lilipiga marufuku hataza za programu, kura 648 kwa 14. Kule programu haipewi hataza, nukta.

#12 MswahiliMunich
Kibanda, kura ni za kweli, 6 Julai 2005. Maana yake ndiyo umeigeuza.

Kilichokataliwa ni mswada ambao Tume ya Ulaya iliuleta 2002 ili nchi zote ziwe na kanuni moja juu ya uvumbuzi unaotumia kompyuta. Bunge liliukataa mswada, halikupiga marufuku kitu. Hali ikabaki ileile ya mwanzo. Na usidhani wale 648 walikuwa na nia moja. Waliopinga hataza waliogopa mswada utazihalalisha. Waliozitaka waliogopa marekebisho ya wabunge yangezibana kuliko zilivyokuwa. Pande zote mbili zikaona afadhali ufe.

Sheria inayotumika ni Mkataba wa Hataza wa Ulaya wa 1973, ibara ya 52. Inataja programu za kompyuta kati ya vitu ambavyo si uvumbuzi, halafu chini inaongeza kwamba katazo linahusu programu pale tu zinapoombewa zikiwa programu na si zaidi. Kwenye hilo "si zaidi" ndipo mawakili wa huku wanapopatia mkate. Ukipeleka ombi la programu, linakataliwa. Ukipeleka ombi la njia ya kudhibiti breki za gari kwa kompyuta, wanakaa na wewe. Tangu kesi za IBM za miaka ya tisini, hata programu yenyewe inaweza kupita ikionyesha matokeo ya kifundi yanayozidi mwendo wa kawaida wa kompyuta.

Jengo la Ofisi ya Hataza ya Ulaya lipo hapa Munich kando ya mto Isar. Mwaka 2021 jopo lao kubwa la rufaa liliamua shauri la programu ya kuigiza watu wanavyotembea ndani ya jengo, ili msanifu ajue milango iwe wapi kabla hajajenga. Swali: kuiga mwendo wa watu kwenye kompyuta ni ufundi au ni mawazo ya msanifu? Wakajibu kwamba maigizo ya kompyuta yapimwe kwa kipimo kilekile cha uvumbuzi mwingine. Ukisoma uamuzi huo unatoka na maswali mengi kuliko uliyoingia nayo.

#13 Kibanda_Umiza
Munich baridi imezidi, ndio maana unaandika ndefu hivi.

#14 MswahiliMunich
Tuko Julai, ndugu yangu, nimekaa kwa fulana.

#15 NyaliBoy
Wadau mnaongea Marekani na Ulaya na M-Pesa iko hapa hapa. Si kuna ile stori ya kila mwaka, ati mwanafunzi wa chuo ndiye alibuni M-Pesa akaibiwa? Huyo angekuwa na hataza saa hii angekuwa bilionea. Hiyo pekee inatosha kumjibu MzeeWaSeva.

#16 DadaWaRuaraka
NyaliBoy, hiyo stori inasambazwa sana lakini haina miguu. M-Pesa ilitoka Vodafone, kina Nick Hughes na Susie Lonie, wakiwa na ruzuku ya shirika la misaada la serikali ya Uingereza. Programu ya mwanzo iliandikwa na kampuni ya Cambridge inaitwa Sagentia. Majaribio yalianza 2005 na nia ilikuwa watu walipe mikopo midogo ya Faulu kwa simu. Wakaona watu wanatumiana pesa wenyewe, wakabadilisha mwelekeo, na Machi 2007 Safaricom wakazindua. Umiliki ukabaki Vodafone mpaka 2020, Safaricom na Vodacom walipoununua.

Na hata huyo mwanafunzi angekuwepo, hataza inataka kitu kipya duniani kote, sio kipya Nairobi. Wafilipino walikuwa wanatuma pesa kwa simu kabla yetu, Smart Money halafu GCash 2004.

Kesi ya kweli ya kuangalia ni ya Faulu dhidi ya Safaricom, 2012. Faulu walikuwa na Kopa Chapaa, mkopo wa kwenye simu pamoja na Airtel. Safaricom walipoleta M-Shwari, mkopo wao wa kwenye simu, Faulu wakaenda mahakamani Nairobi wakidai hakimiliki yao imevunjwa, wakitaka isimamishwe. Mahakama ilikataa kutoa zuio. Wazo la kukopesha kwa simu halina hakimiliki.

#17 NyaliBoy
Kwa hivyo nani alibuni M-Pesa? Bado sijajibiwa mimi.

#18 Chalinze_Dev
Huu uzi umenigusa pabaya. Niliwahi kutengeneza mfumo wa vikoba. Mwanachama akichelewesha mchango, mfumo unapanga upya zamu za kukopa wenyewe, na kila mtu anatumiwa ujumbe akiambiwa kwa nini zamu yake imesogea. Hicho ndicho kilichokuwa kinagombanisha akina mama wa mtaani kwetu, sio hela yenyewe. Mweka hazina alikuwa na daftari limejaa mistari ya kufuta na kuandika juu yake, hakuna anayeamini kilichoandikwa.

Nikapeleka kwa kampuni moja kubwa, siitaji. Wakanisikiliza vizuri, soda, maji, "tutumie na michoro ya mfumo". Nikatuma. Kimya. Baadaye natembea naona bango lao. Mpangilio wa zamu uleule, hadi kitufe cha "Zamu Yangu" kipo. Nilipouliza kuhusu hataza nikaambiwa hiyo ni mbinu ya biashara, haipewi.

#19 WakiliWaKijiweni
Pole Chalinze. Aliyekujibu hakukudanganya. Sheria yetu ya Hataza ya mwaka 1987 inaondoa kanuni za hesabu na mipango au njia za kuendesha biashara. Neno programu halimo kwenye orodha hiyo. Kenya pia, Sheria ya Mali ya Viwanda ya 2001, kifungu cha 21, orodha inafanana. Kwa hiyo programu haikukatazwa kwa jina, na mfumo wa BintiWaKemia wa tanuru ningeupeleka BRELA, wakala wa usajili wa Tanzania, bila woga. Ila kupanga zamu za kikoba mkaguzi ataita njia ya biashara hata ukiipamba.

Michoro uliyowatumia na msimbo wako vina hakimiliki, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ipo. Kitufe cha maneno mawili, hapana. Kilichokuangusha ni kufungua kompyuta mpakato kabla ya mkataba wa usiri.

#20 Chalinze_Dev
Mkataba wa usiri ninao. Walinipa wao mapokezi nisaini ndio nipande juu. Umeandikwa kwamba *wao* hawatawajibika kwa wazo lolote nitakalowaonyesha.

#21 MlaMihogo
Hahaha pole kaka. Hapo hata hataza ingekukimbia.

#22 MtotoWaMkunazini
Wakili, ukisema "sheria yetu" kumbuka na sisi wa huku. Zanzibar ina sheria yake ya mali ya viwanda ya 2008 na usajili wake mwenyewe, BRELA haivuki maji. Mtu akisajili Dar akadhani amemaliza Tanzania nzima, amepotea.

#23 FundiMsimbo
Mnamlilia Chalinze kana kwamba hataza ingemsaidia. Angalieni wanaozitumia ni nani. Marekani kuna mji wa Marshall, Texas. Kamji kadogo, lakini kwa miaka mingi kesi za hataza za nchi nzima zilikuwa zinamiminika huko kwa sababu walalamikaji walikuwa wanajua wanashinda. Samsung, waliokuwa wanashtakiwa huko, wakafadhili uwanja wa kuteleza kwenye barafu mbele ya mahakama. Texas! Mahakama ya Juu ilikuja kubana 2017, kesi ya TC Heartland, kwamba kampuni ishtakiwe ilipoandikishwa au ilipo na ofisi na imefanya kosa.

Wengi wa hao walalamikaji hawatengenezi chochote. Wananunua hataza, wanaandika barua. Mwaka 2011 kampuni inaitwa Lodsys iliwaandikia madevelopa wadogo wa apu za simu kwa sababu ya kitufe cha kununua kitu ndani ya apu. Mtu yuko chumbani kwake na apu ya kupiga kelele za wanyama, anapokea barua ya wakili. Kulipa leseni ni rahisi kuliko kushinda kesi, na wao wanajua.

#24 BintiWaKemia
Na i4i je? Kampuni ndogo ya Toronto. Walikuwa na hataza ya namna ya kutunza muundo wa waraka mbali na maandishi yake. Microsoft wakaiweka ndani ya Word. Wakaenda mahakamani, hukohuko Texas unakokucheka, wakashinda, na 2011 Mahakama ya Juu ikawaacha na dola milioni 290 zao. Microsoft waliomba iwe rahisi zaidi kuzibatilisha hataza, wakakataliwa. Bila hataza i4i wangeishia kulalamika humu na Chalinze.

#25 MzeeWaSeva
Binti, umetaja mmoja. Mimi nakutajia Dan Bricklin. VisiCalc, 1979, jedwali la hesabu la kwanza kwenye kompyuta ndogo, watu walinunua kompyuta ya Apple II ili waipate. Waliuliza habari ya hataza, wakashauriwa kwamba kwa programu uwezekano ni mdogo, wakaachana nayo. Akaja Lotus 1-2-3, akaja Excel. Kama angepata hataza, Excel yako ya kiwandani ingesubiri mpaka mwishoni mwa miaka ya tisini.

Bill Gates mwenyewe kwenye waraka wa ndani wa 1991 aliandika kwamba kama watu wangejua mapema hataza zitakavyotolewa wakazichukua kwa mawazo ya mwanzo, sekta nzima ingekuwa imesimama. Halafu waraka huohuo ukawataka wafanyakazi wake wachukue hataza nyingi iwezekanavyo!

#26 KunguruWaPosta
Hapo Gates amekuwa mwanasiasa.

#27 BintiWaKemia
Lakini Bricklin alipata nini? Unahesabu faida ya walioiga tu.

#28 PichaMnato
Mmesahau GIF, ule muundo wa picha za mtandaoni. Kampuni ya CompuServe walitengeneza GIF wakaiwekea hataza, halafu intaneti ilipochangamka wakaanza kudai hela.

#29 FundiMsimbo
Nusu tu. Hataza haikuwa ya CompuServe. Ilikuwa ya njia ya kubana data inaitwa LZW, iliyotolewa 1985 kwa Sperry, kampuni iliyokuja kuwa sehemu ya Unisys. CompuServe waliitumia kwenye GIF 1987 bila kujua ina mwenyewe. Mwishoni mwa 1994 ndipo ikatangazwa kwamba wanaotengeneza programu zinazosoma GIF walipe. Watu wakakasirika, na 1995 wakatengeneza PNG, muundo mwingine wa picha, kwa njia ya kubana isiyo na mwenyewe. Hataza ya Marekani ikaisha Juni 2003.

#30 Kibanda_Umiza
Kwa hiyo hataza ndiyo imetuletea PNG. Hataza inachochea ubunifu. Asante FundiMsimbo kwa ushahidi.

#31 FundiMsimbo
Wewe ukiona watu wanakimbia moto utasema moto unachochea riadha.

#32 MswahiliMunich
Kwenye hizi hesabu za faida na hasara kumbukeni hataza ni ya nchi kwa nchi. RSA, ule usimbaji unaotumika kwenye benki za mtandaoni, ulikuwa na hataza ya chuo cha MIT, Marekani peke yake. Wabunifu walishautangaza 1977 kabla ya kupeleka ombi. Sheria ya Marekani inakusamehe mwaka mmoja, ya kwingi inasema ukishatangaza umepoteza. Kwa hiyo mpaka Septemba 2000 developa wa Boston analipia leseni, wa London au Dar es Salaam anatumia bure kabisa. Na sijaona London wala Dar zikiipita Boston kwa ajili hiyo. Wala sijaona Boston ikifa. Mwenye maelezo atuletee.

#33 WakiliWaKijiweni
Maelezo mojawapo ni kwamba hataza mbovu zinafanana na nzuri mpaka mtu alipie kesi. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Marekani ilijaribu kusafisha, Alice dhidi ya CLS Bank. Hataza ilihusu mtu wa kati kati ya watu wawili wanaobadilishana fedha: kompyuta inatunza kumbukumbu za salio, inaruhusu tu miamala ambayo fedha ipo, na mwisho wa siku inaiagiza benki. Majaji wote tisa walikataa. Kuweka mtu wa kati ni wazo dhahania tu, la zamani sana, lisilopewa hataza, na kuongeza "fanya kwa kompyuta" hakulifanyi uvumbuzi. Hapo kikoba cha Chalinze kingeanguka hata Washington.

Ila walipofika kwenye swali la wazo dhahania ni lipi hasa, wakasema kesi hii haiwalazimu kuweka mipaka yake. Miaka miwili baadaye mahakama ya rufaa ikaokoa hataza ya Enfish, ya namna mpya ya kupanga jedwali la data, ikisema hiyo inaboresha kompyuta yenyewe.

Na hapo ndipo namjibu ShonaNikuone: mwendo mpya wa sindano ukiifanya cherehani ishone vizuri zaidi, mimi ningekuombea hataza. FundiMsimbo atasema ni hesabu. Jaji sijui ataamka vipi.

#34 FundiMsimbo
Ni hesabu.

#35 ShonaNikuone
Kwa nini wasipewe miaka mitatu tu? Miaka 20 kwenye kompyuta ni vizazi vingapi? Simu yangu ina miaka minne na imeshagoma kufungua picha za wateja.

#36 MzeeWaSeva
Hili nalikubali kuliko yote yaliyosemwa. Mitatu, basi.

#37 WakiliWaKijiweni
TRIPS ibara ya 33: hataza isiishe kabla ya miaka 20 tangu ombi kupelekwa. Haitofautishi dawa na programu. Lakini nchi zenye maendeleo duni zaidi zimepewa muda mpaka 1 Julai 2034 kabla ya kulazimika kutekeleza sehemu kubwa ya mkataba. Tanzania imo, Uganda imo, Rwanda, Burundi na Congo ya Kinshasa zimo. Bunge la Dodoma likitaka kuandika miaka mitatu kwa programu, au sifuri, mkataba huo haulizuii kwa sasa.

#38 DadaWaRuaraka
Na Kenya?

#39 WakiliWaKijiweni
Kenya haimo kwenye orodha hiyo. Nyie mmeshafungwa na 20.

#40 NyaliBoy
Ai! Ndio maana mnatuuzia vitunguu kwa madharau. Basi mimi nahamia Namanga upande wenu, naandika apu zangu huko.

#41 MswahiliMunich
Andikia popote. Ukiziuza Nairobi utashtakiwa Nairobi.

#42 Chalinze_Dev
NyaliBoy ukifika Namanga nitafute, nina mfumo wa vikoba unatafuta mnunuzi. Michoro nitakuonyesha ukishasaini karatasi *yangu*.